Daftari la Mbwa

Kitongoji chetu cha Pellman kina taa moja ya kuongozea magari.
Usiku nayo huchoka, hupepesa njano tu
mpaka alfajiri, kama mtu anayesema: amueni wenyewe.

Mji mkubwa hauko mbali, dakika arobaini kwa treni,
ila treni haisimami kwetu. Inapiga honi, inapita;
vikombe vinatetemeka kabatini, kisha vinatulia.

Mimi ni karani. Miaka kumi na tisa
nimeketi nyuma ya kioo chenye tundu la kupitishia pesa
nikigonga mihuri: kibali cha uzio, kibali cha baraza,
kibali cha kukata mti wako mwenyewe, uani kwako mwenyewe.

Jumanne ya pili ya mwezi hukaa kikao.
Viti sitini, watu tisa,
na katika hao tisa, watatu wamefuata joto.
Machi tulijadili kwa saa mbili na nusu
uzio wa Vartan Kazanjian, uliozidi inchi nne.
Lucille Dombrowski alileta picha, akaleta futi ya chuma,
akaleta na machozi, maana uzio umemfichia
dirisha la jikoni la kina Kazanjian,
na taa yake, ambayo kwa miaka thelathini
ndiyo pekee iliyokesha na ya kwake.
Hayo sikuyaandika. Kumbukumbu zangu zinasema:
"Mkazi alilalamikia kimo. Hoja iliahirishwa."

Wanasema kuta zina masikio.
Kwetu mapipa ya taka yana midomo.
Alhamisi yamejipanga barabarani,
na ukipita polepole unasoma:
hapa kazaliwa mtoto, hapa mtu kaacha pombe,
hapa mtu kairudia.
Pipa lisipotoka wiki mbili, simu inalia ofisini kwangu.
Polisi wetu ni wawili, na mmoja yuko likizo.

Nisikudanganye kwamba tunapendana.
Tunasalimiana kwa vidole viwili juu ya usukani.
Majani ya mwaloni wa jirani yakidondokea kwangu
nayarudisha kwake kwa reki, usiku;
naye anajua, nami najua kwamba anajua.
Vijana wakimaliza shule huapa hawatarudi,
kisha baadhi wanarudi na kigari cha mtoto
wanaulizia kodi ya nyumba
kwa sauti za baba zao.

Lakini Januari. Nilitaka kusema habari ya Januari.
Ndipo leseni za mbwa zinapohuishwa:
dola kumi na mbili, na cheti cha chanjo.
Jina lisiporudi hadi Februari
kanuni inataka niandike barua ya faini.
Siandiki upesi. Kwanza natazama jioni
kama mwenyewe bado anatembea,
na kama mkono wake umeshika kamba
au umeingia mfukoni.

Mwaka huu Gerrit Ostrander alikuja tarehe tatu,
theluji ingali mabegani,
akasukuma noti chini ya kioo, zimekunjwa mara nne.
"Biskuti," akasema. "Yuleyule. Dume, kahawia,
miaka kumi na minne."

Novemba nilikuwa nimeona, nyuma ya nyumba yake,
sepetu imesimama peke yake kwenye udongo mbichi.
Mtaa mzima uliona.
Cheti hakuwa nacho. Macho hakuyainua.
Nyuma yake kwenye foleni alikuwa Lucille, na makaratasi ya uzio,
Lucille asiyeweza kunyamaza hata mazishini.
Akanyamaza.

Nikagonga muhuri.
Nikampa kibati cha mwaka mpya, chekundu, namba 212;
akakipachika kwenye pete ya funguo zake.

Mkaguzi wa hesabu huja Juni. Akiuliza
nitamwambia Pellman ina mbwa mia mbili na kumi na wawili.
Jioni nikifunga ofisi nasikia bati likigonga funguo
kwenye njia ya miguu, upande wa pili wa barabara,
na mtu anayetembea, anasimama, anatembea,
anasimama kwenye kila nguzo,
anasubiri kidogo,
kisha anaendelea.