Chupa ya Jemu Dirishani

Alikuja bila hodi, mgongoni mwa jiwe
nililolinunua kwa Ensio, wiki aliyokuwa akigawa vitu
kwa sababu ya talaka:
taa mbili, pampu inayokohoa, samaki mmoja wa manjano,
na jiwe hilo lenye matundu, zito kama kichwa cha ndama.
"Jiwe zuri," alisema, bila kunitazama usoni.

Wiki ya tatu nikamwona. Anemoni mmoja,
mdogo kama kifungo cha shati, rangi ya chai iliyopoa,
vidole vyake vyembamba vikipepea.
Marjukka akasema, mwache, ana haya.
Kweli. Kivuli cha mkono kikipita
alijivuta ndani ya tundu
kama mtoto aliyesikia kitasa kikigeuka.
Nikamwita Mgeni.
Hapo ndipo nilipokosea: kumpa jina
kabla ya kujua anakaa siku ngapi.

Kufika mwezi wa pili walikuwa kumi na saba.
Matumbawe ya zambarau, upande wa kushoto,
yakakunja midomo, yakapauka kingo
kama kitambaa kilichopitiwa na pasi ya moto.
Nikachukua kisu cha kumenyea viazi.
Usifanye hivyo, wewe unayesoma.
Kila kipande kilichodondoka kilitafuta pa kukaa,
kikashika, kikaota mdomo.
Nilidhani napalilia; kumbe napanda.

Kazi yangu ni kusukuma theluji.
Oulu ikilala, mimi niko juu ya greda,
nailaza theluji kando ya barabara,
na nikifika mwisho wake, mwanzo umeshakuwa mweupe tena.
Kwa hiyo sikushangaa. Nilikasirika tu.

Marjukka, anayewatibu farasi wa watu,
akaniletea sindano.
Nikachemsha maji ya ndimu. Nikakoroga chokaa
mpaka ikawa uji mzito, nikawalisha mmoja mmoja
saa kumi na moja alfajiri, buti zangu zikichuruzika sakafuni.
Walijifunga, wakayeyuka.
Siku ya tisa wakachungulia nyuma ya pampu,
mahali sindano haifiki.

Nikanunua kamba watatu wenye mistari myekundu.
Mmoja alifanya kazi.
Wawili walikula chakula cha samaki, wakanenepa,
wakawa wapangaji.

Ni Taavi wa ghorofa ya tatu, miaka kumi na miwili,
aliyesema: konokono wasio na gamba.
Wakaja kwa basi kutoka Tampere, ndani ya themosi,
wanane, kila mmoja kama ukucha wa kidole cha mwisho,
weupe, mgongoni manyoya yanayotetemeka.
"Wanakula hao tu," Taavi alisema.
"Duniani hawajui chakula kingine."

Usiku tukawatazama kwa tochi nyekundu,
mzee na mtoto, pua zetu kiooni.
Hawakuwa na haraka. Walifika, wakainama,
kama watu wanaosoma barua.

Mwezi wa tatu, nje bahari bado imeganda,
watu wakiiendeshea magari,
ndani bahari yangu ya lita mia mbili ikawa safi.
Hakuna hata mmoja. Nilihesabu mara mbili.
Marjukka akafungua mvinyo.
Taavi hakupiga makofi. Aliuliza:
"Na wao sasa watakula nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na aibu kidogo.

Ndiyo maana nilirudi kwa Ensio, nikagonga,
nikamwomba jiwe jingine, lile baya.
Alinitazama usoni safari hii.

Kwa hiyo iko chupa ya jemu dirishani, juu ya hita,
na ndani yake anemoni wanne ninaowalisha kwa kijiti,
tone la maji ya samaki, Jumatano na Jumapili,
nikinung'unika kama mwenye mifugo.
Marjukka huwasalimu kabla hajanisalimu mimi.

Saa kumi usiku napita mtaani kwetu na greda.
Taa zangu zinapanda ukutani, zinavuka kioo,
nami najua, bila kuona, kule juu
wanne wanajivuta ndani.
Napunguza mwendo.