Kitwa

Saa nne asubuhi Bi Somoe akaingia kibandani mwangu, Langoni,
buibui limekaa upande, ndara moja yake, moja ya mjukuu,
simu ameinyosha mbele kama aliyeshika panya kwa mkia.
"Zakwani, hebu sikiza."

Nikasikiza. Sauti ya Twalib, yule yule wa Doha,
na kile kikohozi chake kifupi kabla ya kuomba kitu:
"Mama, jana nimepata ajali njiani.
Naumwa kichwa. Sina hata shilingi moja.
Tuma elfu arobaini kwa namba hii. Usimwambie mtu."

Mimi ni wakala wa pesa, mwaka wa tisa huu.
Wajanja nimewaona: waliotuma kwa makosa na wanaomba warudishiwe,
wanaokupongeza kwa bahati nasibu usiyoicheza.
Lakini kikohozi?
Kikohozi kilinivunja. Nikafungua daftari,
nikamwuliza, "Kitambulisho unacho?"

Naye akacheka. Bi Somoe, ambaye hata harusini
hucheka kama anayekopa,
akacheka mpaka akashika meza.
"Mwanangu hana kichwa, wallahi.
Mwanangu ana kitwa."

Ikaniingia polepole, kama bamvua kwenye ngazi za gati.
Yana, si jana. Ndiani, si njiani.
Shilingi moya.
Sauti walikuwa wameiiba yote,
labda kwenye zile salamu za Idi alizowarushia walimwengu,
pumzi, pua, kikohozi,
kisha wakaivika Kiswahili cha taarifa ya habari.
Mwizi kavaa suti kuja kuiba kuku.

Nikamkumbuka mwalimu wetu wa darasa la sita
na kalamu yake nyekundu chini ya "ndia", chini ya "mato",
chini ya "mtele" mara tatu, na ya tatu karatasi ikatoboka.
"Mtafeli na lugha yenu ya jikoni."
Wengine tulifeli kweli.

Ningependa kuishia hapo, jikoni pameshinda.
Lakini mwezi uliofuata akaja Kerubo kutoka Nairobi,
msichana mpole, maikrofoni yake ina manyoya kama kifaranga,
akilipa kwa dakika kila asemaye Kiamu.
Tunaifunza programu, alisema, iwasikie wazee.
Na Bi Somoe alikwisha kuipigia ile namba ya daktari wa simu,
akasema, "Kitwa chaniuma, mato yaona kiza,"
ikamjibu: Samahani, sijaelewa.
Samahani, sijaelewa.
Mara saba. Presha haingoji ya nane.

Kwa hiyo akaenda. Kabla ya kuketi akauliza:
"Na ikisha kuyua kusema kitwa,
mwanangu nitamyua kwa lipi?"

Kerubo akavua visikizio, akatazama mkeka.
Hakusema uongo. Hilo namhesabia.

Wakarekodi saa mbili: samaki, nazi, mvua, maradhi,
namna ya kumfukuza paka na namna ya kumbembeleza.
Swali la arobaini na moja likauliza,
mtoto akiwa mgonjwa humwita nani?
Bi Somoe akaomba maji, akanywa taratibu, akarudisha gilasi.
"Hilo ruka."

Siku hizi Twalib akipiga, salamu hazitangulii.
Mama yake hunipa mgongo, humwuliza kitu kwa chini,
hungoja, kisha mabega yanashuka.
Mimi huongeza redio.

Na mimi nilipewa kibarua changu: kuandika aliyoyasema,
neno kwa neno, kwa kidole gumba, usiku kibanda kimefungwa.
Nikaandika "kitwa".
Simu ikapiga mstari chini yake, mwekundu,
rangi ile ile,
ikanipendekezea neno jingine.
Nikalikataa.
Ikapendekeza tena.