Mabonde Mawili

Jina lake rasmi ni refu kama mabehewa ya mizigo ya Mpanda:
kichanganuzi vekta cha mtandao.
Mimi nakiita kidude. Kinaenea kiganjani.
Kilikuja na basi la usiku, ndani ya soksi,
soksi ndani ya kopo la maziwa, kwa kuyahofia matuta.

Kabla hakijapima chochote, chenyewe kinataka kupimwa.
Wazi: kizibo kisicho na kitu ndani.
Shoti: kizibo kinachojiuma ulimi.
Mzigo: omu hamsini, debe la mfuto,
lisilozidi punje wala kupungua.
Ukiruka hapo, anayesema ni waya wako wa katikati,
siyo antena. Nimewahi kuamini uongo wa koaksi wiki nzima.

Antena yangu ni urithi.
Baba, Mihambo wa mawasiliano ya reli,
alistaafu na saa ya mezani, barua ya shukrani,
na rola moja ya shaba kutoka nyaya za simu zilizong'olewa
kati ya hapa na Malongwe.
("Kwa kibali," alisisitiza mpaka kitandani, "chenye muhuri.")

Nimeitandaza uani, Cheyo, toka mlingoti wa mianzi
hadi mnara wa tangi la maji.
Kupokea tu; leseni ya kurusha bado iko mezani kwa mtu.
Nikatarajia bonde moja kwenye skrini,
megahezi saba na ushee,
pale waya unapomeza unachopewa, usirudishe.

Yakaja mawili.
Mapacha, na kati yao kituta, kama cha viazi.

Nikalaumu konekta. Nikalehemu upya, nikaunguza kidole cha shahada.
Nikalaumu kidude, nikakirudisha darasani:
wazi, shoti, mzigo.
Nikakata sentimita tano za shaba ya baba,
roho ikiniuma kana kwamba nakata kucha za marehemu.
Bonde moja likasogea. La pili likakaa
kama mgeni asiyejua kuaga.

Jumamosi, saa nne, lile lililokaa likaanza kuhama kushoto.
Kidogo. Kisha tena kidogo.
Mikono yangu mapajani, upepo umelala.
Ng'ambo ya michongoma
mtu anakamua khanga.
Shuka moja, hatua moja. Khanga, hatua.

Kamba ya kuanikia ya Bi Nyamizi
haikuwa kamba. Ilikuwa shaba,
nyeusi kwa miaka na sabuni,
imeshikwa huku na huku na vikombe vya kauri vya reli,
vyeupe, ndugu wa vile vyangu.

"Alinipimia baba yako," akasema, kibanio mdomoni.
"Kwa miguu. Hatua ishirini na saba.
Nikamwambia, nguo zangu si nyingi hivyo.
Akasema waya una urefu wake unaoutaka."
Akatoa kibanio. "Wewe ulikuwa chuoni.
Mama yako ana mwaka wa tatu kaburini."

Nguo hazihitaji vikombe vya kauri.
Chini ya kile cha mwisho palining'inia kipande cha waya mwembamba,
kimekatwa, ncha yake ikielekea dirishani kwake.
Tulikitazama wote wawili,
kisha yeye akainama kuchukua khanga nyingine.

"Niitoe? Kama inakuharibia."

Nikasema hapana. Nikasema, labda kwa haraka mno,
aanike tu, jua lipo.

Daftari langu, ukurasa wa siku hiyo:
Shuka mbili, khanga tatu, mbichi: 6.94.
Saa saba, zimekauka: 7.05.
Waya hadi waya, juu ya michongoma: mita nne.
Safu ya "hitilafu"
nimeiacha tupu.