Chenga

Wameitengeneza upya, ile filamu ya nyumba.
Rashidi kaileta kwenye flashi, kaichomeka
kwenye runinga bapa kama sinia la pilau,
na sebule yetu ya Mtanda ikajaa buluu.
"Mama, ni ile yako ya zamani. Ila hii ni kali."

Kali! Haya. Nikakaa.

Ngazi nikazihesabu: kumi na nne.
Za kwetu zilikuwa kumi na tatu.
Mchopa alizihesabu kwa sauti kila Ijumaa,
ufito wake ukigonga kioo,
ndani ya banda la magunia ya korosho pale Ndoro,
jenereta likikohoa nje kama mgoni.
Kiingilio shilingi hamsini,
au kopo la korosho ghafi, na hakuna aliyekuuliza
umeziokota chini ya mkorosho wa nani.

Mchopa hakujua Kiingereza. Hilo nimelijua ukubwani.
Alichotutafsiria alikitunga papo hapo:
baba wa filamu akawa Mzee Nankanga,
kauza ufuta, kanunua nyumba kwa bei poa.
"Ukiona nyumba bei poa, wanangu,
waulize majirani kwanza."
Tukacheka, midomo imejaa ming'oko.

Kisha mlango wa juu.

Pale mkanda uliwahi kukatika, ukaungwa kwa selotepu.
Mlango unafunguka, kidole, viwili,
halafu chenga:
sekunde kumi na moja za mchele unaochemka kiooni,
halafu mama wa filamu yuko chini ya ngazi
na nywele zake zote nyeupe.
Katikati hapo palikuwa na nini
hakuna mtu Lindi nzima aliyejua.
Na Mchopa, msema hovyo yule, hapo alinyamaza.
Alilaza ufito sakafuni.
Mtu aliyekuwa anatafuna, aliacha.

"Tutazame nini, mbona hamna kitu?" dada Somoe aliuliza siku moja.
"Tazama vizuri."

Tukatazama. Somoe aliapa kaona mbuzi.
Mimi niliona mgongo wa baba
na begi lake la kaki, zipu imeharibika,
vile alivyotoka alfajiri ile akasema anafuata basi la Nangurukuru.
Sikumwambia mtu. Ijumaa iliyofuata
nilikwenda na makopo mawili.

Sasa hii mpya.
Nisiwe mchoyo: mvua wameijua,
inanyesha juu ya bati lile kama inamtafuta mtu.
Na yule mtoto anayeongea na ukuta, anaweza.
Lakini mlango! Mlango unalia tangu mwanzo,
unalia hata ukiwa umefungwa, na muziki nao unakudokeza:
ogopa sasa, ogopa tena.
Ukafunguka, wote, kwa upana wake,
na mwanamke akatoka.

Rashidi karuka juu ya kochi.
Mimi nikamwona mwanamke.
Kapakwa unga, meno mengi kuliko kinywa.
Kisha wakaeleza: ana jina, alikuwa na mume,
mwanawe alizama kisimani, tarehe hii, mwaka huu.
Maskini, nikamhurumia.
Kaulizwa yote, kajibu yote.
Mzuka anayejibu maswali yote ni karani.

"Umeona?" Rashidi anahema. "Zamani mlikuwa hamwonyeshwi hata sura."
Nikasema ndiyo, mwanangu, hatukuonyeshwa.
Akaenda kulala, taa ya chumbani kwake kaiacha inawaka.

Nikabaki na rimoti.
Nikarudisha nyuma mpaka ngazi. Nikazima sauti.
Kidole, viwili,
nikafumba macho, nikaanza kuhesabu.

Kwenye nne, mbwa wa akina Likwata alibweka mara moja akaghairi.
Kwenye saba, friji ikazima kwa mtikisiko.
Kwenye tisa nikasikia zipu,
inakwama, inavutwa,
inakwama.

Sikufika kumi na moja.