Fundo la Kushoto

Mimi hufunga kwa mkono wa kushoto.
Marehemu mama alinichapa kwa hilo,
mwalimu naye akanichapa,
mkono haukusikia.
Miaka ishirini na mitatu kule Hombolo
nilifunga matawi ya mizabibu kwenye waya,
na msimamizi akipita nyuma yangu alikuwa akisema,
"Mstari huu ni wa Sechelela,
mafundo yake yanatazama machweo."

Sasa macho yamekwisha.
Nina kitanda cha tatu kutoka mlangoni,
shuka la msaada, kikombe cha bati,
na pindo la kanga
ambamo mjukuu wangu, akija, huniwekea kitu.

Pasaka aliweka elfu kumi.
Noti ya elfu kumi naijua,
huzidi kidole changu cha kati kwa kipande cha kucha.
Nilipoipima Jumanne asubuhi
ilikuwa imefupika.
Kumbe hela nayo huzeeka kwa usiku mmoja,
ikajikunja mgongo kama sisi.
Na fundo lilikuwa linatazama mawio.

Sikusema.
Mzee Malogo alisema, redio yake ilipokwenda
"kutengenezwa mjini" tangu Kwaresima;
wakaandika kwenye faili: anasahau.
Neno hilo likishaandikwa,
hata ukitaja jina lako wanatikisa kichwa.
Na ile sukari ya wageni waliopiga picha nasi
niliisikia ikiondoka kwa pikipiki
kabla vumbi la magari yao halijatua.
Nami niende mbele ya nani
na ushahidi wa fundo?

Tena mkono wenyewe naujua.
Ndio unaonigeuza usiku nisipate vidonda.
Ndio unaopoza uji wa uwele,
kikombe hadi kikombe, kikombe hadi kikombe.
Mshahara, namsikia akinong'ona na simu,
huu mwezi wa tatu haujaonekana,
na mtoto amerudishwa nyumbani, hana sare.
Nikijiandaa kumchukia saa ya kuoga
maji huja ya uvuguvugu
kama ninavyopenda.

Jana nikamshika kiganja.
"Damari, mwanangu, kaa.
Unafunga vibaya.
Mzabibu ukifungwa hivi upepo wa Agosti unauangusha.
Anzia huku. Pitisha chini.
Vuta, lakini usikaze sana, mti nao una mshipa."
Vidole vyake vikawa baridi kama bomba la alfajiri.
Akafunga. Akafungua. Akafunga.
Hakuna aliyesema lolote.
Nje mbuzi wa mtu alikuwa anajikuna ukutani.

Leo nimeamka, nimeshika pindo.
Fundo linatazama machweo,
sawasawa, la kwangu kabisa,
au la mwanafunzi mwenye akili.
Ndani mna kitu.
Kina urefu gani, sijui.

Uji umeletwa, umeshapozwa.
Ngoja ninywe kwanza.