Jina la Kumi na Moja

Newala, saa kumi na moja alfajiri, ukungu
umekaa juu ya stendi kama mgeni asiyejua kuaga.
Nawasha jiko kwa maganda ya jana.
Moshi wake unachoma macho, najua,
lakini kuni ni pesa, na ganda ni takataka tu
mpaka siku utakapolihesabu.

Mikono yangu usiitazame sana.
Mafuta ya korosho hayana adabu, yanachuna ngozi
hata ukijipaka majivu hadi kwenye viwiko.
Mama alibangua miaka ishirini na sita,
akapima kwa kikombe cha bati kilichobonyea ubavu,
na ukimuuliza, "Mama, faida iko wapi?"
anakujibu, "Kwani hamkula?"

Tulikula. Sibishi.

Nikarithi kikombe, na bonyeo lake,
na kopo la kutunzia fedha, kisima kisicho na mlinzi:
chumvi, humo;
kanga za sare, unyago wa mtoto wa Binti Nambunga, humo;
nauli ya kwenda kuzika Tandahimba, humo.
Msimu ukiisha nalitikisa,
linanijibu kwa sarafu mbili zinazogombana.

Nikawalaumu wakopaji.
Nikanunua daftari, nikawaandika usiku mmoja
kwa kalamu nyekundu:
Fundi Chilumba wa cherehani, elfu mbili.
Shemeji Nachundwa, elfu nne mia tano, na maneno matamu.
Konda wa basi la Masasi, mia nane, njia kabadilisha.
Wote kumi. Nikajumlisha.
Hawakuziba hata nusu ya shimo.

Taa ya sola ikaanza kufifia.
Nikaitafuna kalamu,
kisha nikaandika polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza:
Somoe Likanga. Elfu thelathini na moja, mia tatu.

Kumbe mwizi wangu alikuwa analala kitandani mwangu,
anajifunika kanga yangu.

Tangu hapo tuko wawili.
Niko mimi, na yuko Biashara,
binti mkavu, hacheki, hana shangazi wala wajomba.
Hunilipa Jumamosi, elfu nane,
na machozi hayaongezi hata mia.
Shemeji akija na kisa cha tairi la pikipiki
namwambia, "Ningekuwa mimi, ningekupa.
Mwenye kopo ndiye kakataa."
Anachungulia nyuma ya bega langu, amwone.

Usidhani nimeerevuka.
Mwezi wa pili nilifunga pakiti mia mbili kwa moto wa mshumaa,
nikajisifu, nikapanda nazo basi hadi Mtwara mjini.
Zikafika zimelegea kama ulimi wa mnywa uraka.
Mwenye duka alitafuna moja,
akaitema kiganjani, akanirudishia boksi bila neno.
Nililia hadi Nanyamba.
Kutoka Nanyamba machozi yalikauka, nikabaki kuuliza:
zimelegea jikoni, au ndani ya mfuko?
Jua la siku moja latosha?
Yule bwana angelipa ngapi kama zingelia kachu?
Na vipande, hivi ninavyogawa bure, hakuna anayevitaka?
Kufika Newala sikuwa na jibu hata moja.
Niliyaandika maswali yote manne
kwenye ukurasa uleule wa hasara.

Vipande sasa huchukua Mama Chiwaya,
anavisaga, anatia kwenye uji wa watoto wa chekechea.
Hayo mengine matatu bado ninahangaika nayo.

Jana Mama kaja kutoka Kitangari.
Kavaa miwani, kafungua daftari,
kidole kikatembea, kikasimama.
"Huyu wa kumi na moja, kalipa zote hizi,
mbona unamwachia mia tatu?
Si umfute tu, mwanangu, apumue?"

Nikageuza korosho kwenye karai.
Simfuti, Mama.
Nataka kila alfajiri, kabla hajagusa kopo,
akute jina lake.