Mwiko

Simu iliahidi noti kumi na sita.
Saa nne asubuhi, Ijumaa, pwani ya Udhaiba,
bendera ya kituo cha mafuta imening'inia
kama taulo la mtu aliyeghairi kuoga.
Tiara yangu nimeitandaza mchangani,
mita kumi na mbili, nyekundu, bado naidaiwa,
na mimi nimo garini, kipoza hewa kinavuma:
upepo pekee wa Maskati leo,
nao naulipia petroli.

Wiki ya tatu hii.

Sisi watu wa upepo tuna madhehebu yetu.
Juu ya maji tunasimama, hatukai.
Tunavutwa, hatusukumi.
Kasia, kafi, chochote chenye bapa na mpini,
kwetu ni mwiko.

"Mwiko, naam," akasema Shinuna,
akishusha toka paa la gari lake kayaki mbili za manjano
alizouziwa na nesi wa Kifilipino aliyerudi kwao.
"Na wako huu hapa."
Shinuna anang'oa watu meno kwa riziki.
Habembelezi.

Nikakaa, magoti juu, kama mtoto kwenye beseni.
Nikachota kushoto, nikachota kulia,
nikaisonga bahari kama ugali wa hitima,
maji yakanishukia hadi kwapani,
na chombo kikaenda upande, kaa mwenye aibu.
"Usigombane nayo. Chomeka, vuta, toa.
Kiuno hicho, si mabega.
Hukuzaliwa na mlingoti."

Mita mia tatu, kelele za barabara zikakatika.
Miaka tisa napita hapa
na sikuwahi kupaona.
Kwa tiara, bahari ni lami:
inagonga magoti, inabaki nyuma.
Leo ni dirisha, na wenyewe wapo nyumbani.
Taa wawili wamejitandika mchangani.
Kasa akachomoza kichwa, akavuta pumzi
kwa mguno wa mzee anayeinuka kitini,
akanitazama, akaona sina maana,
akazama.

Kisha nikakiona. Kipezi cha ubao wangu,
kilichokatika Machi ya mwaka jana
siku ya noti ishirini na tano,
siku niliyojisifu hadi usiku wa manane.
Kimesimama wima kati ya mawe,
kimeota ndevu za mwani,
na visamaki vitatu, vidogo kuliko ukucha,
vimekifanya ukuta wa uani.
"Nikuzamie?" akauliza Shinuna.
Nikasema wacha.
Nyumba ya watu ile.

Saa nane ukaja. Bila hodi, toka upande wa Sib,
ule ule niliouombea wiki tatu,
na sisi tumeshateleza hadi usawa wa Ghubra.
Kwa mbali naona tiara za wenzangu zinapaa,
moja, mbili, saba,
yangu imelaliwa na mifuko ya mchanga.
Ukanipiga usoni. Ukanirudisha hatua tatu kwa kila mbili.
Nikautukana. Mimi!
Nikautukana kwa Kiarabu, nikarudia kwa Kiswahili
usije ukasingizia hukusikia.
Shinuna mbele, mgongo wake haugeuki,
chomeka, vuta, toa,
saa nzima na robo kwa kilomita mbili.

Jumapili ofisini, malengelenge manne kiganjani,
nashika kalamu kwa vidole viwili
kama mtu aliyeokota mkia wa panya.
Meneja anauliza: vipi, Ijumaa upepo ulikuwa mzuri?
Ulikuwa mzuri sana, nikamwambia.
Asubuhi,
ulipokuwa haupo.